Ua wa Minyaa

Mpimaji ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa,
kalamu sikioni, fomu magotini.
"Mpaka wako, bibi, unaanzia wapi?
Na nani aliyekupa?"

Andika: unaanzia kwenye minyaa.
Utomvu wake usiuguse, utakupofua.
Aliipanda Mlekwa wa Kapela, babu wa babu yangu,
mpagazi aliyechoka,
mwenye sugu begani kama soli ya kiatu,
pale ambapo pembe za watu wengine
zilikaa miaka kumi na mmoja,
kwenda pwani na kurudi.

Alikuja na Nyanzala mkewe, mimba ya miezi saba,
majembe manne, gobole moja,
na mbegu za uwele ndani ya kibuyu
kilichozibwa kwa nta.
Walikotoka kulikuwa kumeungua.
Zaidi ya hapo hawakusema.

Andika pia: huku kusini mwa Sikonge
mtemi alikuwa mbung'o.
Ng'ombe wa kwanza alimaliza msimu mmoja.
Wa pili, hata kengele yake hatukuizoea.
Wakaangusha mitundu, wakachoma visiki,
wakalala kwa zamu, moshi machoni,
na Nyanzala akajifungua kando ya majivu ya moto
mtoto waliyemwita Makoye, yaani matatizo,
ili matatizo yakisikia yameitwa
yadhani yamekwisha kufika.

Kisha wakaja wasiokuja kupima.
Rugaruga ishirini, au arobaini
(idadi huongezeka kila Pasaka tukikutana),
vitambaa vyekundu kichwani, bangi kichwani pia,
alfajiri, umande ukiwa bado kwenye miiba.
Wajomba zangu husimulia gobole lilivyonguruma,
na mmoja wao hulinguruma mwenyewe kwa mdomo
mpaka watoto wanalia.

Bibi Kalunde, aliyenilea, alisubiri wanaume walale.
Akaniambia: Baruti haikuwepo.
Iliuzwa kwa chumvi ya Uvinza mwezi mmoja kabla.
Nyanzala ndiye aliyepanda kichanja,
mtoto mgongoni, ziwa likidondoka,
akausukuma mzinga kwa mguu
ukaanguka ng'ambo ya ua, ukapasuka.
Nyuki hawakuuliza nani bwana, nani mtumwa.
Kulipopambazuka palibaki mikuki saba
na kitambaa kimoja chekundu.
Makoye alikivaa kama nepi.

Mbona umeacha kuandika?
Fomu imejaa? Geuza nyuma.

Maana Bibi Kalunde hakuishia hapo.
Mzinga ule, alisema, haukuwa wetu.
Ulichongwa mistari mitatu ubavuni,
alama ya watu waliokuja kila mwaka
maua ya mitundu yakifunguka,
wakarina, wakaacha nusu kwa nyuki,
wakapotea walikojua wao.
Mwaka ule walikuta minyaa.
Mmoja alisimama nje ya ua tangu asubuhi.
Hakupiga kelele. Hakuomba maji.
Mlekwa alimwelekezea gobole lile tupu
na yule, asiyejua kwamba ni tupu,
akaanza kuteremsha mizinga yake, mmoja mmoja,
akavuka nayo mto Ugalla.

Tuliilinda nchi, naam.
Sijasema hatukuilinda. Makaburi yapo, nenda kahesabu,
matano ni ya watoto wasiofikisha jina.
Ila mlango wa ua hufungwa mara moja
kwa mwizi na kwa mwenyewe.

Wajomba watakuja kesho kuweka vidole gumba.
Watakupa gobole ulipige picha.
Lipige. Linapendeza.
Lakini hapo penye majirani, upande wa kusini,
usiandike msitu wa akiba.
Chora mistari mitatu.
Najua kompyuta ya wilayani haitaisoma.
Chora tu, kwa kalamu,
ili atakayeuliza awepo wa kumshangaa.

Na mkono huo, baba,
si nilikwambia usiguse?
Usijipanguse jicho. Njoo,
nikunawishe.